Wiki sita za kwanza Sachsen: kisa cha binti wa Moshi aliyekwenda kujitolea chekechea

Mwishoni mwa wiki ya sita, mkuu wa chekechea moja katika mji mdogo wa jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, aliiandikia taasisi iliyomleta binti wa Kitanzania kwamba binti huyo hana ari ya kazi. Yuko pembeni muda wote, anaosha vikombe, watoto hawakaribii. Siku hizohizo binti mwenyewe alikuwa amemwambia dada yake aliye Moshi kwamba watu wa huku hawataki awaguse watoto wao. Pande zote mbili zilikuwa zimekosea, na kila upande ulikuwa na ushahidi wa kutosha.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimewasindikiza vijana wengi katika safari ya aina hii, na mambo kama haya yanapotokea huitwa tofauti za utamaduni, kisha kila mtu anatikisa kichwa na faili linafungwa. Hapa utamaduni ulichangia kidogo. Kilichochangia zaidi ni karatasi moja ya chanjo, tarehe ya kuanza iliyochaguliwa vibaya, na wasifu wa mtu uliobaki kwenye droo. Nimeondoa jina lake, jina la mji na jina la taasisi. Mwenyewe ameridhia kisa kisimuliwe.

Mpango wenyewe ni huu. Serikali ya Ujerumani, kupitia wizara yake ya ushirikiano wa kimaendeleo, ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao weltwärts wa kuwapeleka vijana wa Kijerumani kujitolea Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Tanzania tumewapokea wengi. Ukikaa Moshi, Arusha, Iringa au Bukoba lazima umewahi kukutana nao. Kwa miaka kadhaa mlango ulifunguka upande mmoja tu. Mwishoni mwa 2013 ndipo ulipoanza mkondo wa pili, vijana kutoka nchi zetu kwenda kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja. Wakifika kule, wengi huingizwa katika utumishi wa kujitolea wa taifa, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza Julai 2011 baada ya Wajerumani kusitisha jeshi la lazima. Kijana hulipiwa nauli, bima, malazi, semina na kozi ya lugha, na hupewa fedha ya mfukoni. Mshahara haupo. Sheria pia inasema wazi kwamba mtu wa kujitolea anasaidia, hachukui nafasi ya mwajiriwa. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini lilikuja kuuma.

Binti alikuwa na miaka 21. Alikuwa na cheti cha ualimu wa elimu ya awali na alikuwa amefundisha chekechea ya usharika kwa zaidi ya mwaka, darasa la watoto arobaini na ushee, mara nyingi akiwa peke yake. Anajua kuwatuliza, kuwapanga mstari, kuwaimbisha, kumfuta mmoja kamasi huku akimwangalia mwingine anayepanda dirishani. Alipochaguliwa kwenda mwaka 2023, hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kazi ataiweza.

Maandalizi ya nyumbani yalikuwa ya kawaida na, kwa kiasi chake, yalifanyika vizuri. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA, pasipoti ya shilingi 150,000, safari za basi kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya ubalozi, kozi ya Kijerumani ngazi ya A1, yaani ile ya mwanzo kabisa. Kulikuwa na semina ya siku kadhaa ambapo vijana waliorudi walieleza habari za baridi, za maduka kufungwa Jumapili, za kufika kwa wakati, na za kutenganisha taka katika mapipa ya rangi tofauti. Yote ni kweli na yote yana faida. Lakini nilipomuuliza baadaye ni nani aliyemweleza siku ya kawaida ndani ya Kita (ndivyo vijana wetu wote huziita chekechea za kule) inakwendaje kuanzia saa moja asubuhi, alifikiri kidogo akajibu: hakuna.

Karatasi ya surua

Tangu tarehe 1 Machi 2020 Ujerumani ina sheria ya kujikinga na surua. Kila anayeanza kazi katika Kita, shule au hospitali, ikiwa amezaliwa baada ya mwaka 1970, lazima aonyeshe kwamba amechanjwa dozi mbili, au alete cheti cha daktari kwamba mwili wake una kinga. Asiyekuwa na uthibitisho haruhusiwi kuanza. Mwanafunzi wa mazoezi na mtu wa kujitolea wamo humohumo, na mkuu wa Kita akimruhusu anaweza kutozwa faini.

Sharti hilo lilitumwa kwake mapema, mwezi Juni. Lilikuwa ndani ya kiambatisho kirefu cha Kijerumani cha kiofisi, kwa mtu wa A1. Aliona neno la chanjo, akapiga picha kadi ya njano aliyopewa alipochanjwa homa ya manjano, akatuma. Aliyeipokea hakuifungua kwa makini. Kwenye faili ikawekwa alama kwamba chanjo ipo.

Siku ya kwanza kazini mkuu wa Kita aliiangalia ile kadi na kuona hakuna surua. Akamwambia hawezi kuingia. Alieleza sababu kwa Kijerumani cha haraka, lafudhi ya Sachsen, na binti alielewa sehemu moja tu: kwa watoto, hapana.

Kwa wiki tatu akapelekwa kwenye stoo ya usharika jirani kupanga nguo za msaada. Wazee wawili waliokuwa wakifanya kazi pale walikuwa wema, walimletea keki, lakini hawakujua kwa nini yupo pale. Mwalimu mwenye cheti amevuka bahari kuja kukunja masweta. Unaweza kuelewa alivyoanza kusoma mambo yote yaliyofuata.

Kinachoniuma katika hili ni kwamba kinga alikuwa nayo. Dozi ya kwanza alichanjwa akiwa na miezi tisa, kama watoto wote wanaofikishwa kliniki, na iliandikwa kwenye kadi iliyokuwa kwenye sanduku la mama yake. Dozi ya pili ni jambo lililoingia ratiba ya kawaida ya Tanzania mwaka 2014 tu. Oktoba mwaka huohuo ilifanyika kampeni ya nchi nzima ya surua na rubela kwa watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka kumi na mitano, na yeye, akiwa shule ya msingi, anakumbuka vizuri foleni chini ya mwembe na wino kwenye kidole. Karatasi yoyote ya siku ile hana. Vijana wengi wa rika lake, waliozaliwa kati ya 2000 na 2005 hivi, wako katika hali hiyohiyo: wamechanjwa kweli, uthibitisho hawana. Anayepeleka vijana kwenye Kita na asilijue hili anawapeleka kwenye ukuta.

Njia ya kutoka ilikuwa kupima damu ili kinga ionekane. Lakini daktari alitaka kadi ya bima, kadi ya bima ilikuwa inasubiri anwani, na anwani ilikuwa inasubiri miadi ya ofisi ya usajili wa wakazi. Kisheria kila anayehamia mahali ana wiki mbili za kujiandikisha, na miadi ilipatikana siku ya kumi. Akaunti ya benki nayo ilikuwa inasubiri usajili huo. Kila mlango ulikuwa na ufunguo uliofungiwa nyuma ya mlango uliotangulia. Kumbe mfuko wa bima unaweza kutoa barua ya muda ya kuthibitisha uanachama, na daktari anaipokea badala ya kadi. Ni simu moja tu. Hakuna aliyepewa jukumu la kuipiga simu hiyo, kwa hiyo haikupigwa. Majibu ya damu yalipotoka, yalionyesha kinga kamili.

Kumkalisha mwalimu kwenye kona

Aliingia Kita wiki ya nne. Hapa kuna jambo ambalo asiyefanya kazi na watoto kule hawezi kulijua, nami nalikalia kwa sababu ndilo kiini cha kisa.

Mwaka wa Kita huanza mwisho wa kiangazi. Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kuwapokea watoto wapya, wengi wao wa mwaka mmoja au miwili, na Wajerumani hulifanya hilo kwa utaratibu mkali. Katika mtindo unaofuatwa sana, ule wa Berlin, mzazi anakaa na mtoto ndani ya chumba siku tatu za kwanza bila kumwacha hata kidogo. Siku ya nne ndipo anapojaribu kutoka kwa dakika chache. Mtoto anapewa mwalimu mmoja wa kumzoea, na ni mwalimu huyo tu anayembeba, anayemlisha, anayembembeleza akilia. Lengo ni mtoto ajenge imani na mtu mmoja kabla ya kukutana na wengine. Mgeni, hata awe mwalimu wa miaka ishirini, anakaa chini pembeni na kusubiri mtoto amfuate mwenyewe.

Kwa hiyo alielekezwa akae sakafuni, karibu na ukuta, aangalie. Akakaa. Siku ya pili mtoto mmoja alianguka akalia, naye akafanya kile ambacho mikono yake inajua: akamwinua, akamweka begani. Mwalimu wa chumba akaja haraka na kumwambia amweke chini. Kwetu mtoto akilia, aliye karibu ndiye mama yake kwa dakika hiyo. Kumwacha alie huku umekaa unamtazama ni roho mbaya. Mwalimu yule alikuwa anaulinda utaratibu wa mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza wiki moja ndani ya Kita. Binti aliona kitu kingine: wiki tatu nilifungiwa nje, sasa nimeingia na nimekatazwa kuwagusa. Angewezaje kutoviunganisha?

Tangu siku hiyo alihamia kwenye jiko dogo la Kita. Vikombe, meza, kufagia. Kazi ya mikono haina maneno na haimkosei mtu. Walimu nao wakaona kijana aliyekuja kwa ajili ya watoto anawakimbia watoto. Waliyoyaona yalikuwa kweli. Maana waliyoyapa haikuwa kweli.

Adabu nayo ilimponza. Ndani ya Kita wote huitana kwa jina la kwanza, hata mkuu mwenye miaka sitini. Binti aliyelelewa kusema mama na shikamoo hakuweza kulitamka jina la mtu mzima hivihivi, basi akawa hamwiti mtu. Alisubiri mtu amtazame ndipo aseme. Alipoulizwa kama ameelewa, alijibu ndiyo, kwa sababu kumwambia mkubwa aliyejitaabisha kukueleza kwamba hukuambulia kitu ni kama kumwambia ameeleza vibaya. Mjerumani akisikia ndiyo, anaamini ni ndiyo, na anakwenda zake. Maelekezo mengi ya wiki zile yalipotea hapo.

Fedha ambayo haikutajwa

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua mpaka wiki ya sita. Ndugu walikuwa wamechanga kwa ajili ya pasipoti, nauli za Dar, nguo na sherehe ya kumuaga. Mama alikopa sehemu kwenye kikundi chake cha VICOBA. Kwa macho ya ukoo, binti amekwenda Ulaya kufanya kazi, na anayefanya kazi Ulaya hupokea mshahara. Wiki ya tatu ujumbe ukaja: ada ya mdogo wake haijatimia.

Fedha ya mwezi wa kwanza alipewa taslimu kwa kuwa akaunti haikuwa imefunguliwa. Alituma nusu nyumbani. Siku chache baadaye ikaja barua ya ada ya redio na televisheni, ambayo kule hulipwa kwa kila nyumba, wakati huo euro 18.36 kwa mwezi. Ofisi ya usajili hupeleka taarifa za kila mkazi mpya, na barua huja yenyewe. Nyumba aliyokaa ilikuwa inalipiwa tayari na wenzake. Ilitosha kujibu kwa namba ya mlipaji. Yeye aliona nembo, kiasi na tarehe ya mwisho, akaamini ameshaingia kwenye deni la serikali. Akawa anakula mkate na chai. Mwalimu mmoja alikuwa ameandika kwamba ni mchovu na hana furaha. Mtu mwenye njaa na hofu ya deni atakuwaje?

Kikao cha fedha na wazazi kabla ya safari nakiona kuwa cha lazima kuliko semina nzima ya hali ya hewa, na kijana asiachiwe kukiongoza peke yake. Awepo mratibu, au mchungaji, au mjomba anayeheshimika, aseme mbele ya baba na mama: hii ni fedha ya chakula na nauli ya ndani, haitoshi kusomesha mtu, na akituma atalala njaa. Binti wa miaka 21 hawezi kuyasema haya kwa mama aliyekopa kwa ajili yake. Mratibu anaweza.

Kikao cha wiki ya sita

Wiki sita za kwanza za utumishi huu ni za majaribio. Upande wowote ukitaka kuvunja mkataba, huo ndio wakati mwepesi, na mkataba ukivunjika, kibali cha kuishi nacho kinapoteza msingi wake. Barua ya mkuu wa Kita ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea huko.

Taasisi ilifanya jambo moja la busara: kabla ya kujibu, iliwaweka pamoja mkuu wa Kita, mwalimu wa chumba, binti na mlezi wake, na kumwita Mtanzania mmoja anayeishi Leipzig, aliyewahi kujitolea mwenyewe, atafsiri. Hawakuanza na malalamiko. Walianza na siku ya kwanza, wakaisimulia, kisha ya pili. Walipofika kwenye stoo ya nguo, mkuu wa Kita aliuliza kwa nini hakuwa ameambiwa kwamba binti haelewi sababu ya kuzuiwa. Walipofika kwenye mtoto aliyeanguka, mwalimu wa chumba alieleza, kwa mara ya kwanza kwa lugha ambayo msikilizaji aliielewa, utaratibu wa kumzoesha mtoto. Binti akauliza maswali ya kiualimu: je, mtoto akikataa yule mwalimu mmoja? Mnabadilisha lini? Mkuu akashangaa, akauliza amejifunza wapi mambo haya.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Kita haikuwa na habari kwamba huyu ni mwalimu. Wasifu wake ulitumwa kwenye taasisi, ukatafsiriwa kwa ajili ya ubalozi, ukakaa hapo. Walimu walikuwa wamejiandaa kumpokea kijana aliyetoka shule, asiyejua watoto, kama Wajerumani wa miaka 18 wanaowapokea kila mwaka.

Walitoka na ukurasa mmoja. Saa mbili hadi saa tatu asubuhi yuko mlangoni, anawapokea watoto wakubwa, siyo wapya. Mara mbili kwa wiki ana kundi la watoto sita kwa nusu saa, mwalimu akiwa chumbani kama sheria inavyotaka, na anachofanya nao anakipanga mwenyewe. Vikombe ni zamu ya wote. Ana mtu mmoja wa kumuuliza, na wamepanga muda wa kuuliza, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Na swali la umeelewa likaondolewa. Badala yake anaeleza kwa maneno yake atakachofanya. Hili la mwisho lilipendekezwa na mtafsiri, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko ukurasa wote.

Kufikia Novemba watoto wakubwa walikuwa wakimsubiri mlangoni kwa ajili ya mchezo wa kuimba wa duara aliowafundisha. Kijerumani chake kiliruka haraka, kwa sababu watoto wa miaka mitano husahihisha bila aibu na bila kuchoka. Alimaliza mwaka wake wote, hadi Agosti 2024.

Watu wa huku nyumbani hupenda kisa kiishie kwa kusema kijana angeuliza. Siwezi kukubaliana nao. Aliyekuwa na lugha, sheria, simu ya mfuko wa bima na wasifu mkononi ni upande unaopokea. Kijana wa A1 katika wiki ya pili, mbele ya mtu wa umri wa mama yake, hana cha kuulizia. Taasisi ya nyumbani nayo ina sehemu yake: ndiyo pekee inayojua kwamba kadi ya kliniki iko kwenye sanduku na kwamba kampeni ya 2014 haikuacha karatasi kwa watu wa rika lile.

Baadhi ya mambo yamebadilika tangu hapo. Kila anayeelekezwa Kita anapimwa kinga ya surua akiwa bado Tanzania, au anamalizia dozi na kuandikiwa cheti ambacho daktari wa kule atakisoma bila mkalimani. Kadi ya kliniki inasafiri naye, pamoja na tafsiri. Kita ile sasa hupewa wasifu kabla ya kusaini, na hufanya mazungumzo ya video ambamo walimu ndio wanaoeleza siku yao inavyokwenda saa kwa saa, kijana akiuliza. Waliomba pia kijana anayefuata aanze kazi za vyumbani Oktoba, watoto wapya wakiwa wameshazoea, na Septemba aitumie kwa lugha na ofisi.

La fedha halijapata utaratibu. Familia nyingine hukubali kikao, nyingine huona mratibu anaingilia mambo ya ndani ya nyumba, na wapo wazazi wanaoitikia vizuri mbele yetu kisha ujumbe wa ada unatumwa kabla mwezi haujaisha. Deni la VICOBA la mama yule lililipwa na ndugu wengine mwaka uliofuata, baada ya binti kuandika mwenyewe, kwa hesabu kamili, anapokea kiasi gani na kinakwenda wapi.